Nyumba ya vyumba sita: ikague hivi kabla hujatoa kishika uchumba

Ukipita Magomeni, Ilala au Temeke hukosi kukuta ukuta ulioandikwa kwa brashi: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza chini yake: OGOPA MATAPELI. Mgeni wa Dar es Salaam hudhani ni utani. Mwenyeji anajua kwamba humo ndani kuna ndugu mmoja aliyeanza kumkaribisha dalali, na ndugu mwingine aliyekimbilia dukani kununua kopo la rangi.

Mimi ni fundi mwashi. Watu hunichukua niwakagulie nyumba za zamani, na maswali ni yale yale: Ufa huu una hatari? Leseni ya makazi ni hati? Muuzaji ana barua ya kikao cha familia, inatosha? Zamani nilikuwa nakwenda kuangalia nyufa tu. Siku hizi naanza na watu, kwa sababu ufa nitauziba kwa saruji, lakini shangazi aliyesahauliwa kwenye mirathi hazibiki.

Nazungumzia ile nyumba tunayoiita ya Kiswahili: baraza mbele, mlango mkubwa katikati, korido inayokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na pengine vyumba vya nyongeza. Imejengwa ili kila chumba kiweze kubeba familia yake. Ndiyo maana hata umiliki wake hugawanyika kwa vyumba, karatasi ziseme zinavyosema.

Uwe na nini mkononi

- Daftari, penseli na futi ya mkanda ya mita 5.
- Tochi ya kweli (ya simu haikusaidii darini) na msumari wa inchi 4.
- Nakala kamili ya karatasi ya umiliki. Picha ya WhatsApp iliyokatwa pembeni si nakala.
- Kitambulisho cha NIDA na TIN yako (namba ya mlipakodi).
- Wakili wako mwenyewe. Wakili aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata akikuita mdogo wangu.
- Fundi ambaye hatapewa kazi ya ukarabati. Fundi anayenusa kazi huona ubovu kila kona, au haoni kabisa.
- Siku mbili tofauti za kwenda. Moja iwe mara tu baada ya mvua kubwa.

Hatua ya 1: Chora nyumba kabla hujauliza bei

Simama kwenye korido na uchore. Mstari wa korido, vyumba sita, vyumba vya uani, fremu za duka kama baraza limezibwa. Ndani ya kila kisanduku andika mambo matatu: nani analala humu, tangu lini, na kodi anampa nani.

Hilo la tatu ndilo lenye siri. Wapangaji watatu wakikwambia kodi wanampa Mama Fulani, wakati muuzaji aliye mbele yako ni Baba Fulani, umeshapata swali la kwanza la kumuuliza. Na fremu za mbele usizipite haraka. Mwenye duka huenda amelipa kodi ya mwaka mzima, na kilemba (fedha ya kupatiwa fremu) juu yake. Ukinunua nyumba, unamnunua na yeye.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkagulia shemeji yangu nyumba Temeke. Vyumba vitano vilifunguliwa. Cha sita, cha mwisho kulia, kilikuwa na kufuli kubwa la shaba lililoanza kuota kijani. "Hiyo stoo tu," muuzaji akasema, na mtu mwenyewe alikuwa muungwana kabisa. Kwenye mchoro wangu niliweka alama ya kuuliza. Shemeji hakuisubiri alama yangu, akatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali. Wiki mbili baadaye ikaja sauti kwenye simu kutoka Muscat: "Kaka, chumba hicho kina kitanda changu na sanduku la marehemu mama. Mimi sijauza kitu." Ni dada mtu, yuko Oman anafanya kazi za ndani, na jina lake limo kwenye mirathi. Fedha zilirudi kidogo kidogo. Awamu ya mwisho ilipatikana baada ya miezi kumi na minne.

Onyo: chumba kisichofunguliwa mbele yako, kihesabu kuwa kina mwenyewe.

Hatua ya 2: Ijue karatasi uliyoshika

Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na nyumba iliyo juu yake. Haki hiyo huja kwa karatasi zisizolingana uzito.

Hati miliki ni ya muda maalumu, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Angalia ilianza lini. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na hati iliyobakiza miaka michache, au iliyokwisha bila mtu kushtuka. Ofa ni barua iliyotangulia hati. Bado wapo wanaoishi nayo tu tangu enzi za baba zao. Leseni ya makazi hutolewa kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, kama sehemu kubwa ya Manzese. Ni ya muda mfupi na huhuishwa. Ina thamani yake, ila usiilipe bei ya hati. Ukiambiwa mtaa "umerasimishwa" (umeingizwa kwenye mpango wa kupimwa na kumilikishwa), uliza namba ya kiwanja na mchoro uliopitishwa. Kuingia kwenye urasimishaji ni jambo moja, kupata hati ni jingine.

Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili waliuziana. Zaidi ya hapo usiudai.

Hatua ya 3: Fanya upekuzi

Kama kuna hati, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukaombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utapewa namba ya malipo, utalipa ada, kisha utapata majibu ya maandishi: jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu au la mahakama.

Fanya wewe au wakili wako. Majibu ya upekuzi aliyokuja nayo dalali kwenye bahasha hayahesabiki. Na kama miezi mitatu imepita kati ya upekuzi na siku ya kulipa, rudia. Rehani mpya yaweza kuandikishwa wakati wowote.

Kwa leseni ya makazi, uthibitisho unautafuta halmashauri. Kwa ile isiyo na karatasi yoyote, utabaki na mtaa: mtendaji, mwenyekiti na majirani wa pande zote nne.

Hatua ya 4: Mtafute marehemu, kisha mke

Nyumba nyingi za umri huu zina jina la mtu aliyekwisha kufariki. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Familia hukaa kikao, huandika muhtasari, hupendekeza mtu wa kusimamia. Muhtasari ule ni pendekezo tu. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Omba karatasi ya mahakama inayomteua, andika namba ya shauri, kisha nenda pale mahakamani uhakikishe shauri lipo na nyumba unayotaka imetajwa kwenye orodha ya mali. Nimewahi kuona uteuzi halali kabisa ambao orodha yake ina baiskeli, cherehani na shamba la Mkuranga, lakini nyumba haimo.

Baada ya hapo msimamizi anatakiwa aandikishwe kwenye hati kwa nafasi hiyo ya usimamizi. Ndipo anaweza kukuhamishia wewe. Anayekwambia "tutaruka hatua hii" anaruka na fedha zako.

Kama mmiliki yuko hai na ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, na mwenye kuridhia uwe umekaa naye uso kwa uso. Wake wakiwa wawili, muulize wakili wako kila mmoja anahusika vipi. Usimuulize mume.

Hatua ya 5: Kaa barazani kwa jirani

Acha dalali. Nenda jioni, peke yako au na mama yako ikiwezekana. Tafuta mzee wa nyumba ya pili au ya tatu. "Shikamoo bibi. Nimesikia nyumba ile inauzwa, nimekuja kuomba ushauri." Kisha nyamaza. Ukikuta wanywa kahawa, agiza vikombe vya wote.

Maswali yako ni manne: nani alijenga, watoto wake wangapi na wa mama wangapi, maji ya mvua yanafika wapi, na choo cha zamani kilikuwa upande gani. La mwisho litawashangaza. Umuhimu wake utauona kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 6: Zunguka nje

Tafuta bikoni (alama za mpaka za upimaji) kwenye pembe za kiwanja. Kama huzioni, lipa mpima mwenye leseni azitafute kwa ramani ya upimaji. Usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole. Pima upana wa mbele mwenyewe na ulinganishe na karatasi.

Kama uko karibu na barabara kuu au ya mkoa, kumbuka Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Angalia ukuta wa mbele kwa makini: je, kuna sehemu moja, usawa wa kifua, yenye rangi mpya kuliko ukuta mwingine? Huenda chini yake kuna X, alama ya nyumba ya kubomolewa. Ikwaruze kwa ukucha.

Kwenye mito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Walioko bonde la Msimbazi, Jangwani na Mkwajuni hawahitaji kuambiwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafundisha, na bomoabomoa ya miaka iliyofuata ikarudia somo. Wewe unayetoka nje ya mtaa ndiye unayeonyeshwa nyumba mwezi wa nane, vumbi linatimka, ukapenda. Kagua nyuma ya milango na nyuma ya makabati: mstari wa maji huachwa pale ambapo mpiga rangi hakufika.

Hatua ya 7: Gonga kuta, panda darini

Hizi nyumba zilianza kwa miti, fito na udongo, zikapigwa plasta ya saruji, kisha zikabadilishwa tofali chumba kimoja kimoja kadiri fedha zilivyopatikana. Nyumba moja inaweza kuwa na kuta za umri wa aina tatu. Gonga kwa kidole kila ukuta, chini, katikati na juu. Tofali hulia kavu. Plasta iliyoachia hulia kama debe tupu. Udongo haulii, unameza sauti. Ukiwa na shaka, omba ruhusa ya kupiga msumari pembeni mwa fremu ya mlango, mahali palipobanduka. Msumari ukiingia bila kusukumwa kwa nguvu, hiyo ni miti na udongo.

Unga mweupe unaochanua chini ya ukuta ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini. Wenye nyumba huuficha kwa kupaka rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno. Inapendeza, lakini hufungia maji ndani na plasta huvimba kama andazi. Sogeza kitanda, uangalie nyuma yake.

Kuhusu nyufa, ambazo ndizo mnaniulizia zaidi: ule mwembamba kama unywele kwenye plasta usikunyime usingizi. Unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari, unaoingia kidole, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, huo ni wa msingi. Andika tarehe kwa penseli pale ufa unapoishia. Ukirudi siku ya pili baada ya mvua ukakuta umeivuka penseli, nyumba bado inatembea. Angalia pia kama kuna mkanda wa linta (boriti ya zege) juu ya milango na madirisha. Nyingi za zamani hazina.

Darini nenda na tochi na msumari. Choma kenchi na papi (mbao za paa), hasa zinapokaa juu ya ukuta. Mbao nzima hukataa msumari. Iliyoliwa na mchwa huupokea kama muhogo uliochemka. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni barabara ya mchwa, hata kama vimekauka.

Onyo kwa wenye ndoto ya ghorofa: kuta hizi zilijengwa kubeba bati. Usiongeze hata chumba kimoja juu yake. Bomoa, pata kibali cha ujenzi cha manispaa, anza upya na mhandisi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20, na lile lilikuwa na nguzo.

Hatua ya 8: Ua

Shimo la choo likijaa, watu huchimba jingine pembeni na kufukia la kwanza. Miaka ikipita hupigwa sakafu juu yake, na chumba cha kupangisha kinasimama. Ndiyo maana ulimuuliza bibi wa jirani. Lilinganishe jibu lake na mchoro wako. Sakafu iliyodidimia katikati, mlango wa chumba cha uani usiofunga tena, harufu inayokuja usiku tu: jibu ni hilo.

Pima pia kama gari la maji taka linafika au bomba lake litaweza kuvuka. Uchochoro wa mita moja huongeza gharama kila shimo likijaa.

Hatua ya 9: Mita

Chukua namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nunua umeme wa fedha ndogo ukiwa palepale uone makato. Deni hujitokeza lenyewe. Bili ya maji ya DAWASA iangalie jina. Kisha dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa sababu deni lake lisipolipwa uhamisho hauendi.

Hatua ya 10: Lipa

Mkataba uwe wa maandishi, mbele ya wakili, na fedha zipite benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Gawa malipo: sehemu ya kwanza wakati wa kusaini, kubwa zaidi uhamisho ukikamilika na nyumba ikiwa tupu. Kutakuwa na ripoti ya mthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji ya muuzaji. Andikeni ni nani analipa ipi.

Usikubali kuandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Likitokea la kutokea, mahakamani utadai kile kilichoandikwa. Na kama dalali ameweka cha juu (nyongeza yake ya siri kwenye bei), utakigundua siku hiyo muuzaji anapoisoma bei kwa sauti na kushangaa.

Mkikwama

*"Hati iko benki."* Basi kuna rehani. Omba barua ya benki inayoonyesha deni, na malipo yako yaanze kwa kulifuta huko huko benki.

*"Hati imepotea."* Muuzaji aripoti polisi, afuate utaratibu wa Msajili pamoja na tangazo la Gazeti la Serikali, apate nyingine. Subiri. Ripoti ya polisi pekee hainunui nyumba.

*"Ndugu mmoja amegoma."* Usiende kumbembeleza wewe. Mwambie msimamizi alimalize kwenye mahakama iliyomteua, na wewe kaa na fedha zako.

*"Serikali ya mtaa inadai asilimia 10."* Desturi hiyo ipo sehemu nyingi, ila si sehemu ya kodi za uhamisho nilizotaja juu. Uliza inatozwa kwa sheria ipi, na chochote utakacholipa kiwe na stakabadhi.

*"Nimeshalipa, ndipo nimegundua tatizo."* Acha kulipa kuanzia leo. Andika barua kwa muuzaji kupitia wakili, na muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili kabla nyumba haijauzwa kwa mwingine.

*"Mpangaji wa chumba cha tatu hataki kutoka."* Usimng'olee bati wala mlango. Mpe notisi kwa maandishi, mrudishie kodi aliyotanguliza kama imebaki, na akikataa nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kwanza rudi kwenye mchoro wa hatua ya 1 usome ulichoandika kwenye kisanduku chake. Kama pale penye "kodi anampa nani" uliandika "hampi mtu", huyo si mpangaji.